Muulize Bibi Shamba: Jeni mbili ndani ya punje moja

Toleo lililopita niligusia, kwa mistari mitatu tu, mahindi ya maabara, yaliyoingizwa jeni (chembe za urithi) mbili ili yawe na sifa mbili kwa mpigo: kuvumilia ukame na kuzuia bungua, yule kiwavi anayetoboa mabua. Mistari mitatu! Barua na ujumbe wa simu vikanimiminikia kama mvua ya Aprili. Nimechagua tano, maana nyingine zinauliza yaleyale. Naandika nikiwa barazani kwangu Kibosho, ungo wa maharage ya mbegu uko mapajani, kwa hiyo mkikuta mifano ya maharage msiulize imetoka wapi.

Bibi Shamba, shikamoo. Nalima ekari tatu za mahindi na maharage huku chini, njia ya Mbuguni. Msimu uliopita nilipigwa mara mbili: kiwavijeshi vamizi mapema, halafu mvua ikakata mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Nasikia kuna mbegu yenye kinga ya vyote viwili, na Marekani wana mahindi yenye jeni nane. Kama wao wameweza nane, kwa nini sisi hata mbili hatuna? Si wangeweka kila kitu kwenye punje moja tukapumzika? — Kijana wa Usa River

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kwanza nikuungamie jambo. Mwaka 2017 mkulima mmoja wa huko huko chini aliniletea mdudu ndani ya kopo la siagi. Nikamtupia jicho nikasema ni viwavijeshi wetu wa zamani, wale wanaopita kama jeshi na kwenda zao. Nikamwambia asubiri. Akasubiri wiki nzima. Kumbe alikuwa yule mgeni kutoka Amerika, aliyeonekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na kutufikia sisi mwaka uliofuata. Huyu hapiti. Anaingia kwenye moyo wa mmea, anajifunika kwa kinyesi chake kinachofanana na maranda ya mbao, na dawa unayonyunyiza juu haimpati. Ukimtazama kichwani utaona alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangwa mraba. Mimi sikumtazama. Tangu siku hiyo sijibu swali la mdudu kabla sijavaa miwani.

Sasa hiyo mbegu. Mradi wake ulianza mwaka 2008 ukiitwa WEMA, na mwaka 2018 ukabadilika kuwa TELA. Tulikuwamo sisi, Kenya, Uganda, Msumbiji na Afrika Kusini; Nigeria na Ethiopia wakajiunga baadaye. Jeni zake zote mbili asili yake ni bakteria wa udongoni. Ya kwanza ni ya Bacillus thuringiensis, ambaye wenye bustani za mboga wanamjua kwa kifupi cha Bt, maana dawa za kibaiolojia zenye bakteria huyo zimekuwapo madukani siku nyingi. Jeni yake ikiwekwa kwenye mahindi, mmea wenyewe ndio unaotengeneza ile protini ya kuua. Kiwavi akitafuna, protini inayeyuka tumboni mwake, tumbo ambalo ni la kimagadi, si la tindikali kama letu, inajishikiza kwenye ukuta wa utumbo na kuutoboa. Anaacha kula, na siku chache baadaye amekufa. Jeni ya pili ni ya Bacillus subtilis. Bakteria huyo huitumia akipatwa na baridi ya ghafla; ndani ya mahindi inasaidia seli ziendelee na shughuli zake maji yanapopungua.

Hapo ndipo watu wanapodanganyana vijiweni. Mahindi hayo hayageuki ngamia. Mvua isiponyesha kabisa utavuna mabua kama mwenzako. Yanachofanya ni kupunguza hasara ukame ukiwa wa wastani, hasa ukigonga wakati wa mbelewele na ndevu, ambao ndio uliokuumiza wewe. Na hiyo jeni ya Bt waliyotumia ni kali kwa bungua. Kwa kiwavijeshi vamizi inapunguza, haimalizi.

Zile jeni nane ni kweli zipo. Mahindi yenyewe yanaitwa SmartStax, na yalianza kupandwa Marekani na Kanada mwaka 2010. Lakini ukishahesabu jeni, hesabu na kazi. Sita ni za wadudu, mbili ni za kuvumilia dawa ya magugu. Katika zile sita kuna mbili ambazo ni kinu na mchi, hakuna inayotwanga bila mwenziwe, kwa hiyo nane tayari imekuwa saba. Halafu za wadudu zenyewe zimegawana: nyingine ni za viwavi wanaokula juu, nyingine ni za mabuu ya mbawakawa wanaokula mizizi, balaa kubwa kule Marekani, mdudu ambaye hapa kwetu hayupo. Na zile za magugu? Umesema unachanganya mahindi na maharage. Nyunyiza hiyo dawa uone: mahindi yatabaki yamesimama, maharage yote yatalala. Kwa Mmarekani mwenye mahindi matupu mpaka macho yanapoishia, hiyo ni sifa. Kwako ni kilio. Mimi mbegu ikiniletea kazi nisiyoihitaji naihesabu kuwa mzigo, na mzigo huo umo kwenye bei.

Utauliza, basi kwa nini waweke jeni kadhaa kwa mdudu yuleyule? Hapa pana utamu, nivumilie.

Unaikumbuka dawa mseto ya malaria? Wewe pengine ulikuwa mdogo. Klorokwini ilituponya miaka na miaka hadi vimelea vikaizoea. Mwaka 2001 serikali ikatuhamishia SP, nayo haikukaa. Ndipo tukaletewa mseto: dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, kila moja ikiwa na njia yake ya kuua. Kimelea kinachoponyoka moja kinakutana na ya pili. Wataalamu wa mbegu wanawaza vivyo hivyo. Afrika Kusini walianza kupanda mahindi ya Bt yenye jeni moja mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2007 ikaripotiwa kwamba bungua wa huko, Busseola fusca, huyu huyu anayetusumbua sisi wa miinuko ya Kilimanjaro na Meru, ameizoea. (Ninyi wa tambarare bungua wenu zaidi ni mwingine, Chilo, lakini tabia ni za ukoo mmoja.) Mkulima alitakiwa aache kipande cha shamba kisicho na Bt, ili bungua wa kawaida wabaki na kuoana na wale wachache sugu, usugu usienee. Wengi hawakuacha. Ni nani anapenda kupanda kipande cha kulisha wadudu? Ikabidi ije mbegu yenye jeni mbili za Bt.

Hesabu yake iko hivi. Tuseme kwa mfano tu kwamba kiwavi mmoja katika elfu anaihimili jeni ya kwanza, na mmoja katika elfu anaihimili ya pili. Wa kuzihimili zote ni mmoja katika milioni. Lakini mseto ni mseto pale tu dawa zote mbili zinapokuwa bado na nguvu. Changanya dawa nzima na klorokwini iliyochoka: umemeza dawa moja huku ukidhani ni mbili. India pamba yao ya Bt ilianza na jeni moja mwaka 2002. Ya pili ikaja 2006, na zile za jeni moja zikaendelea kupandwa pembeni. Funza mwekundu wa pamba akapanda ngazi ya kwanza kwa raha zake, kisha ya pili. Leo anazila zote mbili.

Sasa irudie mbegu yako ya TELA, ile iliyojaribiwa hapa kwetu. Ina jeni mbili, lakini kwa upande wa wadudu ina moja. Nyingine ni ya ukame. Huo ni mseto wa sifa, si mseto wa dawa. Kwa hiyo siku muuzaji akikuambia "hii ina kinga mbili," mwulize: mbili kwa adui mmoja, au moja moja kwa maadui wawili? Akishindwa kujibu, mwachie pakiti yake.

Kwa nini sisi hatuna? Tulijaribu. Oktoba 2016 mahindi hayo yalipandwa ndani ya uzio Makutupora, Dodoma, yakianza yale ya ukame na baadaye yenye sifa zote mbili. Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame na masalia yateketezwe, na mwaka 2021 wizara ikaurudia msimamo huo. Nigeria wao waliidhinisha mahindi yao ya TELA Januari 2024. Mimi nilisikitika, sifichi. Heri tungeyaona kwa macho yetu yakifaulu au yakianguka kwenye udongo wa Dodoma, kuliko kubishana kwa habari za Nebraska.

Hata hivyo, waoga wana hoja moja ambayo huwa naisikiliza hadi mwisho, na inatoka Burkina Faso. Mwaka 2008 walianza kupanda kibiashara pamba yenye jeni mbili za Bt. Viwavi wakapungua, mikupuo ya dawa ikapungua, wakulima wakafurahi. Lakini nyuzi za pamba ile zilikuwa fupi kuliko zile zilizoipa pamba yao jina sokoni, na kampuni za pamba za huko zikaona bei inateleza. Kufikia 2016 walikuwa wamegeukia tena mbegu ya kawaida. Jeni zilifanya kazi yake kwa viwavi vizuri tu. Sifa ya nyuzi ndiyo iliyopotelea njiani. Jeni hazielei hewani, zinapanda mgongoni kwa aina fulani ya mbegu, na mgongo ukiwa mbovu safari ni mbovu. Kwa hiyo mtu akikutajia jeni, wewe mwulize kwanza mbegu yenyewe inakomaa kwa siku ngapi na unga wake unakobolekaje.

Kwa msimu huu: panda mvua za kwanza, usisubiri jirani. Pita shambani mara mbili kwa wiki tangu mahindi yakiwa na majani matatu, na fungua moyo wa mmea uangalie. Ukitaka kujaribu njia ya sukuma-vuta, panda desmodiamu katikati ya mistari na brakiaria kuzunguka shamba. Desmodiamu inawafukuza nondo, brakiaria inawavuta pembeni, na ng'ombe wako anakula zote mbili. Tatizo ni kwamba desmodiamu inachukua nafasi ya maharage, na najua mama watoto atakuwa na la kusema.

Mama, mbegu za pakiti zenye rangi ya waridi au kijani ndizo GMO? Mzee wangu anakataa nisimpikie ugali wake. — Kwa Mrombo, Arusha

Hapana. Rangi ni alama ya dawa iliyopakwa mbegu ili isioze wala kuliwa ardhini, na imewekwa makusudi ili usije ukaitwanga ukapika. GMO ni mbegu iliyoingizwa jeni maabara, kama hiyo ya TELA. Chotara si GMO. Ni mtoto wa mahindi na mahindi, baba na mama walioteuliwa. Hakuna mbegu ya GMO iliyoruhusiwa kuuzwa kwa mkulima Tanzania. Angalia lebo ya TOSCI, wale wakaguzi wa ubora wa mbegu, kwenye pakiti, ikwangue na uihakiki kwa simu kabla hujalipa, maana hofu yangu madukani si GMO, ni mahindi ya sokoni yaliyopakwa rangi. Mpikie mzee ugali wake.

Shikamoo Bibi Shamba. Sisi wa Kahe tunachagua magunzi manene tunayatundika juu ya moshi wa jiko, ndiyo mbegu ya mwakani. Je, ikija siku tukapata hiyo ya jeni mbili, nitaweza kuitunza hivyo hivyo? Au ndiyo kununua kila mwaka? — Mama wa Kahe

Marahaba mama. Swali lako limenilaza macho kuliko yote, kwa sababu jibu lake rahisi ni "hapana", na jibu rahisi halikutoshi.

Jeni mbili zinaweza kuingia kwenye mmea mmoja kwa njia mbili. Njia moja, kila jeni inaingizwa kwenye mmea wake maabara, kisha mimea hiyo inaoanishwa kama tunavyooanisha mahindi yoyote. Ndivyo yalivyopatikana yale ya TELA. Njia nyingine, jeni zote zinafungwa kwenye furushi moja na kuingizwa kwa pamoja, zikae mahali pamoja. Ni kama una watoto wawili wa kuwapeleka soko la Mbuyuni. Ukimpandisha kila mmoja Hiace yake, huna uhakika kama watashuka pamoja. Ukimfunga mmoja mgongoni na mwingine ukamkumbatia, ukifika wewe wamefika wote.

Jana nilimwita mjukuu wangu wa darasa la sita tukafanya jaribio kwa haya maharage yangu. Tuliweka bakuli mbili. La kwanza ni jeni ya bungua: nusu maharage mekundu, ndiyo yenye jeni, nusu meupe, hayana. La pili ni jeni ya ukame: nusu ya kahawia, nusu meupe. Hizo ni chavua na mayai ya shamba lako lililopandwa chotara, ambayo jeni zake zilitoka kwa mzazi mmoja na kila moja imekaa kromosomu yake, ndiyo Hiace yake. Ukifumba macho ukachota maharage mawili kutoka kila bakuli, moja la baba na moja la mama, umepata punje moja ya mbegu ya mwakani. Likiwamo jekundu hata moja, punje hiyo ina kinga ya bungua. Likiwamo la kahawia hata moja, inavumilia ukame.

Kwa hesabu, kila punje 16, tegemea 9 zenye sifa zote mbili, 3 zenye bungua tu, 3 zenye ukame tu, na 1 tupu kabisa. Sisi tulipochota mara 16 tulipata 8, 4, 3 na 1. Mjukuu akataka turudie kwa sababu hazikutimia 9. Nikamwambia arudie mara mia, atazikaribia. Amefika thelathini na kitu, akaenda kucheza mpira.

Zingekuwa kwenye furushi moja, 12 katika 16 zingekuwa na zote mbili na 4 zingekuwa tupu. Na zikiwa jeni tatu, kila moja na Hiace yake, punje zenye zote tatu ni 27 katika 64, chini ya nusu ya shamba. Unaona jinsi kila sifa unayoongeza inavyoifanya mbegu ya kutunza nyumbani kuwa ngumu zaidi? Hilo wauzaji hawalitaji, na wapinzani wanalitaja vibaya, wakidai punje hazitaota. Zitaota vizuri tu. Zitaota mchanganyiko.

Sasa lile gunzi nene unalolichagua wewe. Macho yako ni mazuri, yanaona unene, safu zilizonyooka, ukubwa wa punje. Jeni ya bungua hayaioni. Ndani ya gunzi moja punje hii inayo na jirani yake haina, na zote zinang'aa sawa juu ya moshi. Tena chavua ya mahindi haina adabu, upepo wa jioni utakuletea ya jirani asiye na jeni yoyote, na hizo hesabu zangu zishuke zaidi. Na kuna hatari nyingine, ya kimya: shamba lenye mimea iliyo na jeni na isiyo nayo bega kwa bega ni shule kwa kiwavi. Mwenye usugu kidogo anaonja hapa, anahamia pale, anapona na kuzaa wenye usugu kama wake. Juu ya hayo yote ni hasara ya kawaida ya chotara, ambayo nimeionja mwenyewe. Mwaka wangu wa pili wa ndoa nilipanda watoto wa chotara ili nibane matumizi, nikapata shamba lenye mimea ya kimo cha mtu jirani na mimea ya kimo cha mbuzi. Mama mkwe alipita asubuhi, akatazama, hakusema neno. Hadi leo sijui alifikiri nini.

Kwa hiyo kwa chotara utanunua kila mwaka, yenye jeni au isiyo nazo. Mradi wa TELA uliahidi kwamba kampuni za mbegu hazitalipia mrabaha wa jeni, hivyo gharama hiyo isingeongezwa kwenye pakiti. Lakini pakiti ungeinunua. Kama unataka mbegu ya juu ya moshi, tumia aina za kuchavuka wazi, zisizo chotara, na chagua katikati ya shamba, mbali na mpaka wa jirani.

Mnawasumbua watu bure. Kahawa yangu ya Lyamungu haishiki chulebuni wala kutu ya majani. Kinga mbili, na hakuna bakteria aliyechanjwa. Kwa nini msifanye hivyo kwa kila zao? Na migomba je, mchare wangu unaanguka mmoja mmoja. — Mzee wa Machame

Shikamoo mzee wangu. Umenifunga mdomo, na umeufunga kwa haki. Taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, TaCRI, ilianza mwaka 2001 na mwaka 2005 ikatoa zile chotara zenye kinga ya chulebuni na kutu. Kazi ya kuoanisha, lakini, ilikuwa imeanza Lyamungu miaka mingi kabla ya hapo. Miongoni mwa damu zilizomo ni Rume Sudan na kahawa ya Timor, ambayo yenyewe ni mtoto wa arabika na robusta waliokutana wenyewe bila kuombwa. Na unakumbuka ulivyopewa mche wa kikonyo, ukakatazwa kuokota buni chini ya mti na kusia? Ni yale yale niliyomwambia mama wa Kahe. Ukisia, kinga zinatawanyika. Kikonyo ni mti ule ule umeendelea na maisha, kwa hiyo kinga zote zinakwenda nacho.

Lakini kuoanisha kunataka mambo mawili: awepo jamaa mwenye kinga, na mmea ukubali kuzaa mbegu. Viazi mviringo jamaa wapo, wa porini huko Amerika, ila hawaelewani na viazi vya shambani. Kuhamisha kinga moja ya ukungu kutoka kiazi pori kimoja kwa kuoanisha tu kuliwachukua watu zaidi ya miaka 40. Uganda wamechukua kiazi kinachoitwa Victoria, ambacho wakulima wanakipenda tayari, wakaingiza jeni tatu za kinga kwa furushi moja, zote za viazi pori, hakuna ya bakteria. Na viazi hupandwa kwa mbegu ya kiazi chenyewe, kwa hiyo zile tatu hazitengani. Wale wa Siha na West Kilimanjaro wanaopiga dawa ya ukungu kila wiki mvua ikinyesha wataelewa kwa nini nikisikia habari hiyo nakaa kitako.

Mgomba ni mgumu zaidi, maana wa kuliwa haufanyi mbegu, tunapanda machipukizi. Ule mnyauko wa bakteria uliowatesa wenzetu wa Kagera haujapata mgomba wa kuliwa wenye kinga kamili. Watafiti wa Uganda na wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, walikwenda kuazima jeni mbili kwenye pilipili hoho, na majaribio ya shambani yakaanza Uganda mwaka 2010. Hapa kwetu Tengeru nako kuna watu wanaovumilia kutafuta mbegu moja moja ndani ya ndizi ili waoanishe migomba kwa njia ya kizee, mchare ukiwamo. Kazi ya subira, nawavulia kilemba.

Ila mchare wako, baba, usiupachike ugonjwa kabla hujachimba. Ung'oe ulioanguka ukate tunguu. Ukiona mashimo yanayopindapinda, ni fukusi. Mizizi ikiwa mifupi, myeusi au myekundu ndani, na mgomba umeng'oka mzima na mkungu wake, ni minyoo ya mizizi. Ukikata shina ukaona duara za kahawia, ni mnyauko wa Panama. Likitoka ute wa manjano, hilo niarifu siku hiyo hiyo. Mchare unapendwa mno na fukusi na minyoo, nami naweka dau hapo. Chipukizi la kupanda limenye hadi libaki jeupe kabla halijaingia shimoni.

Shikamoo bibi. Mwalimu wetu wa baiolojia anasema jeni nyingi zikikaa pamoja zinaweza kugombana au kuzaa kitu kipya chenye sumu. Ni kweli? Na wewe ungeyala mahindi hayo? — Mwanafunzi, Moshi mjini

Marahaba mjukuu. Mwalimu wako hajakosea kuuliza. Kugombana kupo, ila si kwa namna ya sinema. Kila jeni inayoingizwa huja na kiwashio chake. Ukitumia kiwashio kilekile kwa jeni tatu au nne, mmea unaweza kuushtukia huo mrudio na kuzima zote, ndiyo maana wataalamu hutafuta viwashio tofauti. Hilo linaua sifa, haliui mlaji. Kuhusu kitu kipya, kila protini hupimwa yenyewe, na Ulaya huenda mbali zaidi: mbegu iliyounganisha sifa hukaguliwa kama kitu kipya hata kama kila jeni ilishapitishwa peke yake. Nchi nyingine huona hiyo ni kazi ya kurudia. Mimi niko na Ulaya kwenye hili, kwa sababu mkulima wetu hanywi dawa moja moja, anapokea mchanganyiko.

Kula nimekula. Mwaka 2009 nilikaa Pretoria wiki mbili kwa mafunzo, asubuhi ugali wao wa pap, jioni pap, na wakati huo mahindi mengi ya huko yalikwisha kuwa ya GMO. Nilirudi mzima, nimeongezeka kilo. Kilichonitesa ni kukosa mtori.

Tena, anayetaka nimtazamie mdudu amlete kwenye chupa yenye spiriti, na mimi nitavaa miwani. Uliyenitumia wa kwako ndani ya bahasha wiki iliyopita, amefika akiwa unga.